Asahel Hakukimbia

Jumamosi, 1 Machi

Kaka yangu Orrin ametoboa miti leo. Usiku barafu, mchana jua, na kabla ya saa nane maji matamu ya miti hiyo ya mepo yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo. Amesema huu ndio msimu wake wa mwisho wa kuchemsha maji hayo yawe shira. Husema hivyo kila mwaka. Yeye ana miaka sabini na minane, mimi sabini na mitatu, na kati yetu tuna magoti mazima mawili, yote yangu.

Ardhi bado ni ngumu. Katika chumba cha mawe cha makaburi ya mji wamelala maiti watatu wanaosubiri udongo ulainike, maana huku Vermont anayefariki Januari huzikwa Mei. Mmoja wao ni Wendell Pettibone. Jina ni letu, mtu si wetu. Hilo nililimaliza mwenyewe mwaka 1994.

Jumatatu, 3 Machi

Theluji. Sikutoka.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa mji. Tumebishana saa mbili nzima juu ya greda jipya la barabara, kisha tukala maharage na mkate wa kahawia. Nilikuwa karani wa mji huu miaka ishirini na sita. Nimestaafu, lakini watu bado huniuliza mimi kwanza kabla ya kumwuliza karani mpya, na hawakosei.

Nilikuwa nasugua sufuria alipokuja mwanamke wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, koti la kazi lenye alama za grisi.

"Wewe ndiye Bi Verna Pettibone?"

"Ndiye mimi."

"Naitwa Janelle. Baba yangu Wendell yuko kwenye kile chumba chenu cha mawe."

Nilimpa pole. Ametoka Ohio kuja kufungasha vitu vya baba yake, ambaye alihamia kijijini kwetu miaka mitatu iliyopita na kupanga nyumba karibu na posta. Yeye Janelle ni fundi wa lifti. Akasema anataka baba yake azikwe kwetu, kwenye makaburi ya ukoo nyuma ya ghala la Orrin.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Hati inasema makaburi yale ni ya wazao wa Asahel Pettibone waliothibitishwa na mtunza kitabu cha ukoo. Mtunza kitabu ni mimi, na baba yako sikumthibitisha."

"Kwa nini?"

"Alisema ametokana na Zadock mwana wa Asahel. Zadock alikufa kwa dondakoo Machi 1777, ana miaka minne. Jiwe lake liko pale kilimani, nenda ukaliangalie. Mtoto wa miaka minne hana wajukuu."

"Maneno hayo nayajua," akasema. "Ndiyo uliyomwandikia. Baba aliibandika barua yako kwenye friji."

"Aliibandika?"

"Miaka yote. Mama alitaka kuichana, akakatazwa."

Niliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Sikiliza, Bi Verna. Kaburi lipo hata Ohio, ubavuni mwa mama. Baba hakuwa na shida ya kaburi. Alitaka kusomwa."

Basi alijua desturi yetu. Anapozikwa Pettibone, mtunza kitabu husimama kichwani pa kaburi akasoma ukoo wa marehemu, kutoka Josiah aliyevuka bahari mwaka 1636 hadi huyo anayeshushwa. Kila jina lina neno lake moja: Josiah, aliyevuka bahari, Eleazer, aliyejenga kinu, na kuendelea hivyo. Tukifika kwa Asahel sisomi peke yangu. Watu wote, hata watoto wanaoshikwa mkono, husema pamoja: "Asahel, ambaye hakukimbia." Kiangazi cha 1777 jeshi la mfalme wa Uingereza liliposhuka kutoka Kanada, bonde zima lilikimbia kusini. Asahel na mkewe Thankful walibaki kwenye shamba walilolilima miaka mitatu tu tangu watoke Connecticut. Ndiyo sifa yetu. Orrin ameichapisha hata kwenye makopo ya shira: Shamba la Pettibone, Hatukukimbia Tangu 1774.

Nikamwambia Janelle nasikitika, na kwamba Ohio ni pazuri. Akauliza nimefika lini Ohio. Sijafika.

Alhamisi, 6 Machi

Maji yametiririka vizuri. Orrin amepika mfululizo na nyusi zake zinanata.

Jumamosi, 8 Machi

Janelle amekuja na boksi bila kupiga simu. Nilimkaribisha kahawa kwa sababu nilifunzwa adabu.

Ndani mna nakala za barua zote baba yake alizoniandikia, kila moja na tarehe yake. Ni tisa. Nilimjibu moja.

"Nyingine nane ulizipeleka wapi?" akauliza.

"Ziko kwenye faili."

"Ulizisoma?"

"Nilizifungua."

Akanitazama, akaongeza sukari kwenye kahawa. "Mimi sijui nasaba," akasema. "Babu yangu Roy alikuwa fundi, baba alikuwa fundi, mimi fundi. Lakini najua mtu akiniandikia mara tisa kwamba lifti yake ina kelele, mara ya pili nakwenda kuangalia."

"Na ukikuta haina kitu?"

"Namwambia haina kitu. Lakini nimekwenda."

Alipoondoka nilimkasirikia hadi saa ya chakula. Kisha nikakasirika kwamba bado nimekasirika. Nimekubali kusoma barua zote tisa. Nitamaliza wiki hii na kumrudishia, na neno langu litabaki palepale.

Jumatatu, 10 Machi

Barua tatu. Anaandika vizuri kuliko nilivyokumbuka. Hana matusi, hata katika ile aliyoandika baada ya jibu langu.

Jumanne, 11 Machi

Baridi imerudi. Ndoo zimeganda. Leo nimekumbuka jinsi alivyokuwa akinisalimu posta, amevua kofia: "Habari za asubuhi, binamu." Miaka mitatu. Nami nilijibu, "Nzuri, Bwana Pettibone," nikachukua barua zangu nikatoka.

Jumatano, 12 Machi

Barua ya nne ina picha ya jiwe la kaburi huko Ohio. Zadock Pettibone, na chini yake: Alizaliwa njiani, Julai 1777. Niliikumbuka picha hiyo mara tu nilipoiona. Mwaka 1994 nilimwonyesha Orrin tukacheka, tukasema watu wa Ohio wanazaa wazee wao njiani.

Leo sikucheka. Niandike wazi ninachofikiri, maana shajara ni yangu na hakuna wa kunichungulia.

Jina si tatizo. Wazee wetu walipofiwa na mtoto, aliyezaliwa baada yake walimpa jina lilelile. Katika kitabu chetu kuna Mercy watatu wa mama mmoja, na wawili wa kwanza walikufa. Kwa hiyo Asahel angeweza kabisa kuzika Zadock mmoja mwezi Machi na kupata Zadock mwingine mwezi Julai. Mtu yeyote anayefanya kazi hii analijua hilo. Mimi nalijua.

Tatizo ni njia. Mtoto hawezi kuzaliwa njiani kama wazazi wake wako nyumbani, na sisi tunajua walikuwa nyumbani. Kitabu cha Ukoo, kilichochapwa 1891 na Mchungaji Chauncey, baba wa babu yetu, kina nakala ya orodha ya mji ya Agosti 1777: wanaume waliobaki bondeni kulinda. Ni kumi na wawili, na wa tano ni Asahel.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda ofisi ya mji. Karani mpya alinifungulia chumba cha chuma, nikamwomba daftari la kwanza kabisa. Miaka ishirini na sita nilikuwa na ufunguo wa chumba kile mfukoni, nikiwaonyesha wageni daftari hilo kwa nje, ngozi yake na kamba yake. Ukurasa wa Agosti 1777 sikuwahi kuufungua. Ya nini, nami nakala iliyochapwa ninayo nyumbani?

Majina ni kumi na moja. Asahel hayumo.

Nimehesabu kwa kidole mara nne. Nimeangalia kama karatasi imechanika, kama wino umefutika. Haikuchanika, na wino ni mweusi mpaka leo. Halafu nikaona pembeni, mahali ambapo jina la tano lingekaa, alama ndogo ya penseli yenye mkia uliopinda kushoto. Alama hiyo naijua tangu utoto. Imo katika kila karatasi aliyoipitia Mchungaji Chauncey.

Aliuona ukurasa huu. Alihesabu kumi na moja kama mimi, akaenda nyumbani akachapa kumi na mawili.

Karani alinipa glasi ya maji.

Jumanne, 18 Machi

Sikutoka. Sikufungua hata kitabu.

Jumatano, 19 Machi

Nimemweleza Orrin. Alikuwa kwenye kibanda cha kuchemshia, mvuke umejaa mpaka darini, anachota povu.

"Kwa hiyo Chauncey alikosea kuhesabu," akasema.

"Hakukosea. Aliweka alama."

"Labda Asahel alikuwa mgonjwa siku hiyo."

"Orrin."

"Labda alikuwa na ng'ombe anazaa. Mimi nimekosa mikutano mingapi kwa ajili ya ng'ombe?"

"Ni orodha ya waliobaki bondeni, si ya waliohudhuria mkutano."

Akachota povu tena, taratibu. "Baba alisomewa hakukimbia," akasema. "Mama naye, ingawa hakuwa hata wa damu. Dot mke wangu alisomewa, na kwenye kaburi langu patasomwa hivyohivyo. Huyo mtu wa Ohio ameshakufa, Verna. Hajui kitu."

"Binti yake anajua."

"Binti yake anajua lifti. Na udongo wa kile kilima nauchimba mimi, si wewe, wala si kitabu chako. Sitamchimbia."

Kaka yangu na mimi hatujagombana tangu 1988, tena ilikuwa juu ya mbwa.

Ijumaa, 21 Machi

Upepo. Orrin hakuja kunywa kahawa.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani alikaa upande wa pili.

Jumanne, 25 Machi

Nimefikiri hivi: kukosekana kwa Asahel kwenye orodha hakuthibitishi mtoto. Kunathibitisha tu kwamba Agosti hakuwepo. Hilo ni kweli, na hakimu yeyote angekubali. Ningeweza kumwandikia Janelle kwamba ushahidi hautoshi, nikaweka sahihi yangu, na hakuna atakayeniambia nimesema uongo. Kitabu kingebaki kilivyo, makopo yangebaki yalivyo, na Orrin angerudi kunywa kahawa.

Nimeandika barua hiyo. Ni nzuri. Iko mezani.

Alhamisi, 27 Machi

Janelle nimekutana naye posta. Nywele zake zilikuwa na vumbi la dari. Anasafisha nyumba ya baba yake.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Bado."

"Mimi nikimwambia mtu aliyekwama 'bado', namaanisha niko kwenye ngazi napanda. Wewe uko kwenye ngazi?"

Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo, na nilisema mbele ya watu watatu na bwana wa posta. Nimerudi nyumbani nikaitia ile barua kwenye jiko.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeanza kazi sawasawa, kama nilivyopaswa kuianza miaka thelathini na moja iliyopita. Kama walikimbia, walikimbilia kwa nani? Mtu hakimbii ovyo akiwa na mke mwenye mimba kubwa. Thankful alikuwa na dada mmoja aliyeolewa Massachusetts, mji wa Ashbrook. Imo katika wosia wa baba yao, ukurasa ninaoujua kwa moyo, na sikuwahi kuuliza huyo dada aliwafaa nini.

Jumatatu, 31 Machi

Nimepiga simu kanisa la Ashbrook. Mtunza madaftari anaitwa Bwana Stiles. Anasikia kwa shida na hapendi simu. "Njoo," akasema, "nitakufungulia. Sitasoma chochote kwenye simu, watu husikia wanachotaka."

Huyo tungeelewana hata tungekuwa ndugu.

Jumatano, 2 Aprili

Theluji inayeyuka, barabara ni uji. Orrin amepita na trekta bila kupunga mkono.

Jumanne, 8 Aprili

Nimetoka saa mbili asubuhi na gari langu. Saa mbili na nusu lilikuwa limezama kwenye tope mpaka milango, mahali palepale ambapo miaka yote nimewaambia watu wasipite. Aliyenikuta ni Janelle, na lori la baba yake.

"Ngazi yenyewe ndiyo hii?" akauliza.

"Nivute kwanza, utanitania baadaye."

Hakulivuta. Alinipandisha lorini tukaenda Ashbrook pamoja, saa tatu za safari, naye anaendesha na kula karanga. Njiani aliniambia mengi juu ya baba yake ambayo sikuuliza. Kwamba alijifunza kusoma mwandiko wa zamani kwa darasa la jioni. Kwamba kila Agosti alipita shambani kwetu kwa gari, polepole, akaenda kununua shira dukani badala ya kununua kwetu, kwa sababu hakutaka kuja kama mteja. Nilitazama dirishani. Nilikuwa nimeanza kumpenda mtu ambaye nilimpa mgongo posta miaka mitatu, na ilikuwa inauma.

Bwana Stiles ni mzee mwembamba mwenye suruali iliyopandishwa juu sana. Daftari la ubatizo analihifadhi katika kopo la biskuti, na akatutaka tunawe mikono, tukanawa. Kisha akalifungua mwenyewe, akageuza kurasa na upande butu wa kisu cha siagi.

Jumapili, 27 Julai 1777. Nimenakili neno kwa neno:

"Amebatizwa Zadock, mtoto wa Asahel Pettibone na mkewe Thankful, waliokimbia kutoka milimani. Amezaliwa njiani siku ya tisa ya mwezi huu, chini ya mkokoteni. Amepewa jina la kaka yake aliyezikwa Mei."

Janelle alisoma mara mbili. "Kwa nini Mei?" akauliza. "Si ulisema alikufa Machi?"

Bwana Stiles alifikiri anaulizwa yeye, akasema hajui. Lakini mimi nilijua. Alikufa Machi na udongo ulikuwa jiwe. Walingoja naye miezi miwili, kama tunavyongoja na Wendell, wakamzika, na wiki saba baadaye wakaambiwa jeshi linakuja. Thankful alikuwa na mimba ya miezi minane. Alipanda mkokoteni akaacha kaburi ambalo nyasi zilikuwa hazijaota.

Maisha yangu yote nimemsifu Asahel kwa kubaki. Kama angebaki, na yule mwanamke katika hali ile, ningemwita mpumbavu mkubwa. Alifanya lililompasa mume kufanya, na sisi tukaona haya kwa ajili yake miaka mia moja na zaidi.

"Hii inatosha?" Janelle akaniuliza.

"Inatosha."

"Unaweza kusema kwa sauti? Bwana hapa hasikii vizuri."

Nikasema kwa sauti kwamba Wendell Pettibone ametokana na Asahel, na kwamba namthibitisha. Bwana Stiles akasema vizuri, vizuri, akafunga kopo lake. Janelle alikwenda kusimama nje kwenye ngazi za kanisa, nikamwacha alie bila mimi.

Jumatano, 9 Aprili

Goti la kulia sasa limeharibika pia. Tumebaki na moja.

Jumamosi, 12 Aprili

Miti imechipua; shira ya leo ina ladha ya majani. Orrin amezima moto, msimu umekwisha. Nilimkuta anasugua masinia, nikamwekea nakala ya Ashbrook juu ya rundo la kuni.

Aliisoma amesimama. Anasoma polepole, midomo ikitembea.

"Chini ya mkokoteni," akasema.

"Ndiyo."

"Dot alipokuwa na mimba ya Glen nilimpeleka hospitali kwa barabara hiyohiyo, na gari, tena kuna lami. Alinitukana njia nzima." Akakunja karatasi, akaifungua tena. "Walirudi lini?"

"1779, imo kwenye daftari la mji. Wakaikuta nyumba imechomwa. Wakajenga hii nyumba iliyopo. Ephraim, mzee wa tawi letu, alizaliwa humo mwaka uliofuata."

"Kwa hiyo walirudi."

"Walirudi."

Akarudi kusugua masinia. Nami nikajikaza nisiseme, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Orrin amekaa upande wetu. Nyama ya nguruwe ilikauka, nikala vipande viwili.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Nimeandika barua kwa jamaa wote, nyumba thelathini na nne, kuwaeleza nilichokikuta na kosa langu la 1994. Sikuweka visingizio. Niliweka nakala ya ukurasa wa mji na ya Ashbrook ili wanaotaka kubisha wabishane na karatasi.

Jumatano, 30 Aprili

Majibu sita. Manne ya heshima. Binamu mmoja wa Burlington ameandika kwamba nimemuua Asahel mara ya pili. Mwingine anauliza kama chakula cha mazishi kitakuwepo.

Jumamosi, 3 Mei

Nimetazama dirishani asubuhi nikaona vigingi vinne kilimani, vimeunganishwa kwa kamba, ubavuni mwa jiwe dogo la Zadock wa kwanza. Orrin alikuwa anapima urefu kwa hatua zake.

Nikampelekea kahawa. "Makopo niliyochapisha nitayauza yaishe," akasema bila kunitazama. "Ya mwakani nitaweka picha ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe yeyote. Ng'ombe hana historia."

Alhamisi, 8 Mei

Udongo umelainika. Orrin anachimba kwa mkono. Mtu wa greda alijitolea, akamfukuza.

Mimi nina kazi yangu, na imenishinda siku tatu. Neno la marehemu huchaguliwa na mtunza kitabu, ndiyo desturi. Moja tu, nalo hubaki milele. Baba: aliyepanda miti mia mbili. Mama: aliyeimba akikamua. Sijawahi kuhangaika hata mara moja. Sasa nimeandika kwa Wendell "aliyesema kweli", nikafuta. Nimeandika "aliyerudi nyumbani", nikafuta. Yote mawili ni mazuri, na yote mawili yananiacha mimi safi.

Nimempigia Janelle nikamwuliza yeye angependa nini.

"Wewe ndiye mwandishi," akasema. "Mimi nitasikia na wengine."

Jumamosi, 10 Mei

Tumemzika leo.

Walikuja kama arobaini, na hata yule wa Burlington, amenuna. Nilisimama kichwani pa kaburi na kitabu. Sauti yangu naijua, inafika mpaka barabarani.

Josiah, aliyevuka bahari. Eleazer, aliyejenga kinu. Gideon, aliyefuga nyuki. Samuel, aliyekufa maji. Nikafika.

"Asahel," nikasema, na kabla sijavuta pumzi walisema wote, kwa mazoea, watoto kwa wazee: "ambaye hakukimbia."

Wengine walijishtukia, wakatazama chini.

"Asahel," nikasema tena, "aliyekimbia na mkewe, wakarudi."

Orrin alivua kofia. Niliogopa amekasirika, lakini alikuwa anajifuta uso nayo. Nikaendelea. Zadock, aliyezaliwa chini ya mkokoteni. Horace, aliyefyeka msitu wa Ohio. Milo, aliyepoteza mkono vitani. Clayton, aliyelima na farasi mmoja. Roy, aliyetengeneza saa za watu wote. Maneno hayo alinipa Janelle, kutoka kwenye barua za baba yake. Nimeyaandika kitabuni kwa wino.

Halafu zamu ya marehemu. Nilikuwa nimechagua asubuhi, nikinywa chai, na nilipochagua sikufuta.

"Wendell," nikasoma, "aliyetuandikia barua tisa, akajibiwa moja."

Nililia mbele yao wote na sikuona haya, maana aibu yangu ilikuwa kwenye zile barua nane nisizozijibu. Sasa imeandikwa, na kila Pettibone atakayewatafuta watu wa Ohio ndani ya kitabu kile ataikuta, baada yangu na baada ya wajukuu wa Orrin.

Janelle alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, viatu vya kazi vimejaa tope.

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa," akasema. Kisha akanyoosha mkono, Orrin akampa sepeto.